Sifuri Moja kwa Wote

Mama aliyepiga muheme alisikiliza wimbo mpaka katikati, akavua hedifoni, akaziweka mezani taratibu.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu anayepiga si mimi. Huyu anachelewa."

Nilitaka kubisha. Nilimrekodi mwenyewe, Jumapili alfajiri, kwenye ua wa nyuma wa nyumba tuliyopanga hapa Majengo, Dodoma, kabla soko halijafunguliwa na bajaji hazijaanza kupishana. Ngoma ilikuwa yake na mikono ilikuwa yake. Lakini mtu aliyebana muheme mapajani tangu usichana wake habishiwi kuhusu pigo lake. Nikamwomba aniachie siku mbili.

Kikundi chao kilikuwa kimetoka upande wa Chamwino. Nilitumia maiki kumi na moja: mbili kwenye muheme, mbili kwenye izeze, moja kwenye ilimba, moja kwa filimbi, moja kwa kayamba na nne kwa waimbaji. Kila maiki ilikuwa na traki yake. Wimbo ulikwenda dakika sita. Mchanganyaji wangu yuko Dar es Salaam, kilomita 450 hivi kutoka hapa, kwa hiyo traki zote kumi na moja ilibidi zisafiri na kufika zikiwa zimeshikana kama zilivyotoka uani. Hazikufika hivyo. Na hazikupotea njia mara moja. Zilipotea mara mbili, kwa sababu mbili tofauti.

Kosa la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Filimbi huingia kwenye dakika ya kwanza na sekunde kumi na nne. Kabla ya hapo maiki yake ilikuwa imenasa ngoma tu na kikohozi cha mtu, nami nikaukata mwanzo huo ili traki iwe safi. Vivyo hivyo kwa waimbaji wawili wanaochelewa kuingia. Kwenye skrini yangu kila kipande kilibaki mahali pake, kwa sababu programu ilikuwa inakumbuka kwamba filimbi inaanza sekunde ya 74. Nilipotoa traki moja moja kuwa mafaili, programu ikaruka sehemu tupu na kuanza kila faili pale sauti inapoanza. Mwenzangu akayafungua yote kumi na moja, akayapanga kwenye ukingo wa kushoto kama inavyotakiwa, akabonyeza kitufe. Simu yangu ikaita.

"Kaka, hawa watu wako wameanza wote kwa pigo moja kama gwaride la Uhuru!"

Hapa ndipo mtu anapoelewa faili la sauti ni kitu gani. Faili la WAV la kawaida ni foleni ndefu ya namba. Kila namba ni kipimo kimoja cha sauti, yaani sampuli, na mimi nilirekodi sampuli 48,000 kwa kila sekunde. Faili linajua sampuli ya kwanza ni ipi na ya mwisho ni ipi. Halijui kwamba lina ndugu kumi. Halijui saa ya ukutani ilikuwa ngapi filimbi ilipolia. Mpangilio wote niliokuwa nauona ulikuwa kwenye kumbukumbu ya programu yangu, nami sikutuma programu, nilituma mafaili.

Dawa yake ni ya zamani na haina ujanja wowote: kila faili lianze sifuri moja, na yote yawe na urefu mmoja. Kama filimbi inangoja sekunde 74, faili lake libebe sekunde 74 za ukimya. Prodyuza wengi vijana huona huo ni upotevu. Kwa nini nilipie bando la kutuma kimya? Swali zuri, nitalirudia. Kwa sasa tukubaliane kwamba kimya kile kinabeba habari: kinamwambia mtu wa Dar filimbi ilisubiri kwa muda gani.

Ungekuwa wimbo wa Bongo Fleva uliojengwa juu ya kliki ya mapigo 96 kwa dakika, mwenzangu angeweza kukisia. Angevuta filimbi mpaka iangukie kwenye mstari, mambo yakaisha. Muziki huu wa Kigogo haukupi mstari wa kuangukia. Hakuna kliki. Wimbo huenda mbio kidogo waimbaji wakichangamka, kisha hutulia, na vyombo vyenyewe vimeshonana: izeze hujaza pengo linaloachwa na ilimba, sauti moja ya mwimbaji hudakia pale nyingine inapokatika. Ukisogeza chombo kimoja, unachovunja ni kile kilichozaliwa kati ya viwili, ambacho hakimo kwenye traki yoyote peke yake. Ndiyo maana nasema fundi anayejifunzia kazi hii Dodoma anajifunzia mahali pagumu, na huo ni upendeleo.

Nikatuma upya, safari hii kwa sifuri moja. Intaneti ya usiku ule ilikuwa ya kubembeleza. Mafaili tisa yakapita. Mawili ya muheme, ambayo ndiyo niliyaacha mwisho, yakakwama asilimia arobaini, yakaanza upya, yakakwama tena. Nikachoka. Nikayageuza mawili hayo kuwa MP3, yakapita kwa dakika moja, nikalala. Hilo ndilo kosa la pili, lile alilolisikia Mama.

MP3 haihifadhi sampuli moja moja. Huzigawa katika mafungu ya sampuli 1,152, na mashine inayofunga huhitaji nafasi kidogo mbele ili ianze kufanya hesabu zake. Mfungaji maarufu aitwaye LAME huongeza sampuli 576 mwanzoni. Mfunguaji naye, upande wa pili, huongeza 529. Jumla 1,105. Kwa kasi niliyorekodia, hizo ni kama milisekunde 23 za ukimya ambao hakuna aliyeuomba. LAME huandika kwenye faili ni kiasi gani cha kukata, lakini kuna programu zinazosoma maandishi hayo na kuna zinazoyapuuza, kwa hiyo faili lilelile huchelewa kwenye kompyuta moja na kufika kwa wakati kwenye nyingine. Mafaili ya AAC, yale ya simu nyingi, yana tabia hiyohiyo, na mara nyingi nafasi yao ya mbele ni kubwa zaidi.

Milisekunde 23 ni nini? Sauti hutembea mita 343 hivi kwa sekunde. Zidisha, utapata karibu mita nane. Nilimchukua mama wa watu na ngoma yake, nikampeleka nyuma ya ukuta wa ua, karibu na mlango wa jirani, huku wenzake wakibaki pale pale na maiki zao. Baya zaidi, maiki za izeze zilikuwa zimenasa ngoma yake ikiwa mahali pake halisi. Kwa hiyo kila pigo lilisikika mara mbili: kwanza kwa mbali kupitia izeze, halafu kwa nguvu kupitia traki yake iliyochelewa. Mwenzangu alidhani ni mwangwi wa ukuta. Mama hakudhani chochote. Alisikia mtu mwingine anapiga.

Kunasa huko kwa maiki, ambako sisi hukulalamikia siku zote, ndiko kulikotuokoa. Nilikuza picha ya mawimbi mpaka pigo moja la muheme likajaza skrini, nikatafuta kivuli chake kwenye traki ya izeze, nikahesabu tofauti. Baada ya hapo nikavuta.

Lakini sikuvuta mpaka vilingane. Hapa mafundi wengi hukosea kwa bidii. Mpiga izeze alikaa kama mita tatu kutoka kwenye ngoma, kwa hiyo pigo lilipaswa kufika kwenye maiki yake likiwa limechelewa milisekunde tisa hivi. Huo ni umbali wa watu waliokaa uani, na mpiga kayamba naye alikuwa na kawaida ya kutangulia kidogo, makusudi, kama mtu anayemvuta mwenzake mkono. Ukiona tofauti kwenye skrini, jiulize kwanza ni ya nani. Ya mashine ifute yote. Ya watu usiiguse hata kidogo. Ukizisawazisha zote mbili utapata kile kinachotoka studio nyingi siku hizi: kikundi kilichonyooka kama rula, na wenyewe hawajitambui.

Shida hii si ngeni, na waliotutangulia waliimaliza kwa utepe tu. Simha Arom, mtafiti wa muziki aliyefanya kazi Jamhuri ya Afrika ya Kati kuanzia miaka ya 1960, alitaka kujua kila mwimbaji anafanya nini ndani ya sauti nyingi zilizoshonana. Mwaka 1976 alichapa maelezo ya njia yake. Kwanza anarekodi kikundi kizima. Kisha anamvalisha mtu mmoja hedifoni, anamchezea ule utepe, naye anaimba sehemu yake peke yake. Rekodi mpya inawekwa upande mmoja wa utepe wa stereo, na upande wa pili inanakiliwa ile ya zamani aliyokuwa anaisikiliza. Pande mbili za utepe mmoja haziwezi kuachana. Zinapita mbele ya kichwa kimoja cha mashine kwa wakati mmoja. Kila sehemu inasafiri imeshikwa mkono na shahidi wake. Mtafiti wa Kihispania Polo Vallejo, aliyefanya utafiti wa miaka mingi kuhusu muziki wa Wagogo, alitembea katika nyayo hizo.

Nimeiba wazo hilo la shahidi. Pamoja na traki zangu hutuma faili moja la ziada, mchanganyiko wa ovyo wa wimbo mzima kama ninavyousikia mimi, lenye sifuri ileile. Mwenzangu akipanga traki zake, analiweka hilo chini na kusikiliza yote kwa pamoja. Kama kitu kimesogea, atasikia miguu miwili badala ya mmoja.

Yapo makosa mengine mawili ambayo nayataja haraka kwa sababu hujitangaza yenyewe. Ukituma faili la sampuli 48,000 na mwenzako akalifungua kwenye kazi ya 44,100 bila kuligeuza, wimbo wa dakika sita utakuwa wa dakika sita na nusu, na waimbaji watashuka karibu nusutoni moja na nusu, kama watu walioamshwa usingizini. Andika kasi kwenye jina la faili, basi. Na plagini nzito huchelewesha traki iliyowekewa. Programu hufidia ikiwa inacheza, lakini si zote hufidia vizuri wakati wa kutoa. Zima, halafu toa.

La kukuumiza kimyakimya ni saa mbili zisizokubaliana. Kila kirekodi kina kipande cha kwatzi ndani kinachohesabu sampuli, na hakuna vipande viwili vinavyohesabu sawasawa. Tofauti ya sehemu arobaini katika milioni ni jambo la kawaida kabisa. Niliwahi kurekodi ibada ya saa mbili kwa mashine mbili, moja kwaya, moja mimbari. Wimbo wa kwanza ulikaa sawa. Kufikia baraka za mwisho, mashine hizo zilikuwa zimeachana karibu theluthi ya sekunde. Kusogeza hakusaidii hapo, kwa sababu ukirekebisha mwisho unaharibu mwanzo. Inabidi faili moja livutwe kama mpira, taratibu, kwa urefu wake wote. Na huwezi kujua livutwe kiasi gani kama huna alama mbili. Kwa hiyo mimi hupiga kofi moja la nguvu mbele ya maiki zote kabla ya wimbo, na jingine baada ya wimbo. Wenye vyombo ghali wana faili la WAV la utangazaji, ambalo Umoja wa Utangazaji wa Ulaya uliliwekea kanuni mwaka 1997. Ndani yake huandikwa ni sampuli ngapi zimepita tangu usiku wa manane. Ni jambo zuri sana, endapo aliye upande wa pili ana programu inayolisoma. Kofi halihitaji programu.

Sasa lile swali la bando. Traki kumi na moja za dakika sita, kwa ubora wa biti 24, ni megabaiti 570. Zigeuze kuwa FLAC. Hii hubana bila kutupa sampuli hata moja wala kuongeza, kwa hiyo sifuri inabaki sifuri. Na kimya cha kweli, namba za sifuri mfululizo, FLAC hukibana mpaka kisibaki na uzito wa kuutaja. Zile sekunde 74 za filimbi zinasafiri karibu bure. Zifunge kwenye folda moja ya zipu, na kama unatumia WhatsApp tuma kama dokyumenti, usitume kama sauti. Mtandao ukigoma kabisa, mpe kondakta wa basi flashi. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Nilimwita Mama tena baada ya siku mbili, kama tulivyoagana. Akasikiliza wimbo wote amefumba macho, goti moja likihesabu. Mwishoni likaja kofi langu, lile la kufungia, ambalo mwenzangu alisahau kulikata. Nikaomba radhi, nikamwambia litaondolewa.

"Liache," akasema. "Nani kapiga hilo? Kaingia vizuri."

Bado limo.