Magemu ya Kujenga Dola na "Pointi za Imani": Yanafundisha Nini, na Hukumu Yake ni Ipi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake, Maswahaba wake na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Wazazi wengi wanapouliza kuhusu magemu ya kompyuta na simu, wasiwasi wao huwa ni risasi, damu na picha za uchi. Wasiwasi huo una haki yake. Lakini kuna aina nyingine ya magemu ambayo mzazi akiyaona hufurahi: kijana amekaa kimya, anafikiri, anajenga miji, anataja majina ya wafalme wa kale, na hakuna matusi wala muziki wa kelele. Ndani ya baadhi ya magemu hayo dini imewekwa kuwa njia ya kushinda. Mchezaji anaanzisha dini, anakusanya "imani", anatuma wahubiri, na dini yake ikitawala dunia anatangazwa mshindi.

Makala hii inaeleza, inshaAllah, jinsi magemu hayo yanavyofanya kazi, wapi yanagongana na itikadi ya Muislamu, wanachuoni walisema nini kuhusu michezo ya aina hii, na mzazi afanye nini.

Gemu lenyewe likoje?

Mfano unaojulikana zaidi ni Civilization, mfululizo ulioanzishwa na Sid Meier huko Marekani mwaka 1991. Mchezaji anapewa watu wachache zama za mawe, na kwa zamu anawaongoza mpaka zama za roketi: anajenga mji, anagundua maandishi, anachimba madini, anafunga mikataba au anapigana. Gemu moja linaweza kuchukua saa nyingi, hata siku kadhaa.

Katika toleo la nne, la mwaka 2005, dini saba ziliingizwa, Uislamu ukiwa mmojawapo, na zote zilifanya kazi kwa namna moja. Mwaka 2012 nyongeza ya toleo la tano ilileta kitu kipya: imani inayohesabiwa kwa pointi. Toleo la sita, la mwaka 2016, likaenda mbele zaidi kwa kuweka "ushindi wa kidini". Dini ya mchezaji ikifuatwa na zaidi ya nusu ya miji ya kila taifa duniani, gemu limekwisha na yeye ameshinda.

Vijana wa pwani yetu wana sababu ya kulipenda. Zanzibar imo katika toleo hilo la sita, na anayepata urafiki wake hupewa karafuu na mdalasini. Kilwa Kisiwani nayo imo, ikihesabiwa miongoni mwa maajabu ya dunia. Si jambo dogo kwa mtoto wa Kiislamu wa Afrika Mashariki kuona Kilwa ikitajwa pamoja na majengo ya Misri na Ugiriki. Hata hivyo, faida anayopewa mjenzi wa Kilwa katika gemu inatokana na ushirika na miji midogo huru. Msikiti Mkuu wa Kilwa, ambao magofu yake bado yanasimama, na masharifu ambao Ibn Battuta aliwakuta huko alipofika mwaka 1331, hawana nafasi katika hesabu hiyo.

Imani inavyohesabiwa

Katika toleo hilo, mji ukijenga sehemu takatifu unaanza kutoa pointi za imani kila zamu. Pointi hizo ni sarafu. Kwa sarafu hiyo mchezaji ananunua wahubiri, jengo la ibada, na kwa masharti fulani hata askari. Katika nyongeza ya mwaka 2019, imani inanunua pia bendi za muziki wa roki za kwenda kutumbuiza nchi za watu.

Ili dini ianzishwe, mchezaji anahitaji "Nabii Mkuu". Nabii huyo anapatikana kwa kukusanya pointi nyingine na kuwatangulia washindani, kwa sababu idadi yao ina kikomo. Katika orodha ya majina ya manabii hao yumo Yohana Mbatizaji, ambaye sisi tunamjua kuwa ni Nabii Yahya (A.S.), na yumo pia Martin Luther, padri wa Ujerumani wa karne ya 16. Wote wawili kazi yao ni moja na thamani yao ni moja.

Kisha mchezaji anaipa dini jina. Anaweza kuchagua Uislamu, au akaandika jina lake mwenyewe. Baada ya hapo anachagua mafundisho kutoka kwenye orodha: fundisho linaloleta dhahabu kulingana na idadi ya wafuasi, linaloongeza chakula, na kadhalika. Majengo ya ibada nayo yanachaguliwa vivyo hivyo. Kwa hiyo inawezekana kabisa kuwa na "Uislamu" unaoabudu kwenye pagoda, na "Ubuddha" wenye misikiti.

Waarabu katika gemu hilo wanaongozwa na Salahuddin, na wamepewa uwezo maalumu ulioitwa "Mtume wa Mwisho". Maana yake ni kwamba Nabii wa kabla ya mwisho akishachukuliwa, anayebaki wanapewa wao bila kushindana. Anaweza kuwa mtu yeyote aliyesalia kwenye orodha.

Wapi panagongana na itikadi

Hatusemi kwamba waliotengeneza gemu walikusudia kuudhihaki Uislamu. Dini zote wamezitendea sawa. Tatizo lenyewe liko katika usawa huo: dini zote zimefanywa vyombo vya mchezaji, kama shoka na jembe. Kijana anayecheza mamia ya saa anazoea mambo manne ambayo ni kinyume na anayofundishwa madrasa.

La kwanza, imani si akiba ya kutumia. Suratul-Anfal aya ya 2 inaeleza kwamba waumini wanaposomewa aya za Allah huzidi imani. Ahlus-Sunna wamefundisha kwamba imani huzidi kwa utiifu na hupungua kwa maasi. Katika gemu, imani inapungua pale unapoitumia. Katika Uislamu, anayetoa sadaka na kusimama usiku, imani yake ndiyo inazidi.

La pili, utume hauchumwi. Wanachuoni wa itikadi wamesisitiza kwamba unabii haupatikani kwa juhudi, ibada wala mashindano. Ni uteuzi wa Allah, na Suratul-An'am aya ya 124 inabainisha kwamba Yeye ndiye ajuaye zaidi wapi pa kuuweka ujumbe Wake. Na Suratul-Ahzab aya ya 40 imemtaja Muhammad (S.A.W.) kuwa ndiye mwisho wa Manabii. Huko ni kukamilika kwa ujumbe, siyo kubaki wa mwisho katika foleni.

La tatu, dini haitungwi na mtu kwa kuchagua yanayomletea faida.

La nne, nyoyo za watu haziko mikononi mwa mfalme. Katika gemu, mji unabadili dini kwa kushinikizwa na idadi ya wahubiri, na hakuna raia hata mmoja anayeulizwa. Suratul-Baqara aya ya 256 imekataza kulazimishana katika dini, na katika Surat Yunus aya ya 99 Mtume (S.A.W.) mwenyewe anaulizwa kama yeye atawalazimisha watu wawe waumini.

Wanachuoni na michezo ya kufikiri

Magemu ya kompyuta ni mapya, lakini mchezo wa kupanga vita juu ya ubao si mpya. Shatranji, yaani chesi, iliwafikia Waislamu mapema kutoka Uajemi, na mafakihi wakaizungumzia kwa kirefu. Wengi katika madh-hab za Hanafi, Maliki na Hanbali waliikataza. Katika madh-hab ya Shafi'i, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, kauli mashuhuri ni kwamba ni makruhu. Inakuwa haramu ikiingia kamari, ikimpotezea mtu Swala, au ikiambatana na maneno machafu.

Mafakihi wa Kishafi'i waliitofautisha shatranji na nardi, mchezo wa dadu ambao umekemewa vikali katika hadithi ya Buraida iliyopokewa na Imam Muslim. Dadu msingi wake ni bahati. Shatranji msingi wake ni kufikiri. Tofauti hiyo inatusaidia leo. Gemu la mikakati liko karibu na shatranji. Lakini magemu mengi ya simu yamewekewa masanduku ya bahati, ambayo mtu analipa pesa halisi bila kujua atapata nini, na hapo tumeingia kwenye maysir iliyoharamishwa katika Suratul-Maida aya ya 90. Hata Ubelgiji, nchi isiyofuata sharia ya Kiislamu, mwaka 2018 mamlaka yake ya kamari ilitamka kwamba baadhi ya masanduku hayo ni kamari.

Kuhusu watoto, ipo hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) kwamba alikuwa na wanasesere akicheza nao nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), naye hakumkataza. Wanachuoni wengi wameichukua kuwa ni dalili ya wepesi katika vitu vya kuchezea watoto.

Hukumu kwa ufupi

Asili ya mambo ya kidunia ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Juu ya msingi huo:

1. Gemu la kujenga dola lisilo na kamari, uchafu wala tendo la ibada ya kishirikina, likichezwa kwa kiasi bila kupoteza Swala na wajibu mwingine, halifikii kuwa haramu. Anayefuata kauli ya Kishafi'i katika shatranji ataliona ni makruhu, na kuliacha ni bora.

2. Sehemu ya kuanzisha dini, kuchagua miungu na kumpata "nabii" ni ya kuepukwa. Kucheza si kuamini, na hatumkufurishi mtu kwa kubonyeza kitufe. Lakini Suratut-Tawba aya ya 65 na 66 zinatuonya juu ya waliojitetea kwamba walikuwa wakiporoja na kucheza tu, na utetezi wao haukukubaliwa. Utume na majina ya dini ya Allah si mahali pa mzaha. Gemu hili linaruhusu kushinda kwa elimu, utamaduni au diplomasia, na njia ya ushindi wa kidini inaweza kufungwa kabla ya kuanza. Basi na ifungwe.

3. Gemu linalomtaka mchezaji ainame au apige magoti mbele ya sanamu ili apate nguvu ni la kukatazwa. Jambo hili lilitokea mwaka 2020 katika PUBG Mobile. Waislamu wengi, hasa wa nchi za Ghuba, walilalamika, na sehemu hiyo ikaondolewa. Hapo pana funzo pia: malalamiko ya heshima yanasikika.

4. Likiwa na kamari, au likimfanya mtu apitishe Swala, ni haramu bila ya shaka. Shirika la Afya Duniani nalo limeuingiza ulevi wa magemu katika orodha yake ya maradhi, inayotumika tangu Januari 2022.

Dola iliyojengwa kwa imani ya kweli

Anayependa kujenga dola asisahau kwamba ipo historia ya dola iliyojengwa kwa imani, nayo ni Madina. Mtume (S.A.W.) alipofika alianza na msikiti. Akawaunganisha Muhajirina na Ansari kwa udugu. Ikaandikwa hati ya kubainisha haki na wajibu wa makabila ya mji, Mayahudi wakiwamo.

Angalia udugu huo ulivyofanya kazi. Imam Bukhari amepokea kwamba Sa'd bin Rabi' (R.A.), mtu wa Madina, alimtaka Abdurrahman bin Awf (R.A.), aliyehama Makka akaiacha mali yake, achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman alimuombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko, akaanza kuuza samli na jibini. Mmoja alitoa, mwingine hakutaka kuwa mzigo. Hakuna pointi iliyohesabiwa, na mji ukasimama. Ndiyo maana ya Suratur-Ra'd aya ya 11: Allah habadilishi hali ya watu mpaka wao wenyewe wabadili yaliyo nafsini mwao.

Nasaha kwa wazazi na walimu

Usianze kwa kunyang'anya simu. Kaa na mwanao dakika kumi akuonyeshe anachocheza, kisha muulize: hii imani unaipata wapi, na unaitumia kufanya nini? Kwetu sisi ni hivyo? Mtoto aliyesoma Nguzo za Imani atajibu mwenyewe, na jibu alilolitoa yeye litamkaa kuliko katazo lako. Asiyeweza kujibu, amekuonyesha pengo ambalo gemu halikulileta, limelifichua tu.

Wekeni mipaka inayojulikana: adhana ikisikika gemu linasimama, usiku wa shule halichezwi, na hakuna kununua chochote bila idhini. Salman (R.A.) alimkumbusha Abu Dardaa (R.A.) kwamba Mola ana haki, nafsi ina haki na familia ina haki, kila mmoja apewe haki yake, na Mtume (S.A.W.) akamsadikisha. Ikiwa hata ibada ya sunna iliwekewa mizani namna hiyo, mchezo unastahiki mizani zaidi.

Na kijana mwenye kipaji cha kupanga miji na kugawa rasilimali, mpeni kazi ya kweli: bajeti ya futari ya msikiti, ratiba ya madrasa, ugawaji wa Zakatul-Fitr mtaani. Atakuta kwamba watu halisi ni wagumu kuliko wa kwenye kioo, na thawabu zake hazifutiki anapozima mashine.

Tunamuomba Allah atuongezee imani, awahifadhi watoto wetu na atujaalie kuwa wenye kuisimamisha Swala sisi na vizazi vyetu. Amin.

Wallahu a'lam.