Chapa kwenye Tangi, Namba kwenye Injini

Chuchumaa kando ya pikipiki ya Kichina iliyoegeshwa Kipushi, futa vumbi jekundu ubavuni mwa injini, chini ya silinda, na mara nyingi utakuta alama imegongwa kwenye chuma: 156FMI, au kama injini ni kubwa kidogo, 162FMJ. Tarakimu ya kwanza inasema silinda ni moja. Ile 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, nusu milimita ikiwa imeachwa. F ni injini ya kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na herufi ya mwisho ni ukubwa: I ni kundi la cc 125, J ni la cc 150. Hicho ndicho kitambulisho cha chombo. Jina lililo kwenye tangi ni habari nyingine, maana viwanda vingi vya China humwachia mwagizaji mwenye oda ya kutosha achague jina analolitaka. Mwakani anakuja mwagizaji mwingine na jina lake jipya, injini ni ileile.

Mabishano ya manseba, kama wanavyoitwa madereva wa pikipiki za abiria huku Katanga, huanzia kwenye tangi na aghalabu huishia hapohapo. Mmoja ni wa TVS, humwambii kitu. Mwenzake anaapa kwa Boxer. Wa tatu amenunua ya Kichina kwa bei nafuu na anawacheka wote wawili, walau mpaka mvua za Novemba zianze. Ubishi huohuo utaukuta Kampala na Nairobi. Tanzania nayo ilipitia zama za SanLG na wenzake wa Kichina kabla Boxer na TVS hazijatawala vijiwe vya bodaboda.

Ukifuata nasaba, wanaogombana ni wajukuu wa mabwana wachache wa Kijapani. Bajaj ya India ilishirikiana na Kawasaki kwa miaka mingi, na Boxer ilizaliwa katika ushirikiano huo. TVS ya Hosur, kusini mwa India, ilikuwa mshirika wa Suzuki tangu miaka ya 1980 mpaka walipoachana mwaka 2001. Haojue ya China nayo ilijengwa kwa ushirikiano na Suzuki huyohuyo, kwa hiyo mwenye TVS na mwenye Haojue wanaotukanana kituoni wamelelewa na babu mmoja. Na ile 156FMI chimbuko lake ni Honda CG125 ya mwaka 1976.

Hiyo CG inastahili maelezo kidogo, kwa sababu inaeleza nusu ya tabia za pikipiki tunazoziona barabarani. Honda walikuwa tayari na injini nzuri ya cc 125, yenye kamshafti, ile shafti inayofungua vali, juu kichwani, ikizungushwa na mnyororo mdogo uliofichwa ndani. Tatizo lilikuwa matumizi. Katika nchi nyingi pikipiki ilibebeshwa kupita kiasi, ikakaa muda mrefu bila kubadilishiwa oili, na injini ya namna hiyo haivumilii oili chafu. Wahandisi wakaishusha kamshafti chini, karibu na kranki, ikazungushwa kwa gia, na vali zikasukumwa kwa fimbo mbili ndefu. Mnyororo wa ndani ukatoweka, na pamoja nao sehemu kadhaa za kuharibika. Injini ikawa na kelele kidogo na haipendi kukimbizwa sana, lakini inasamehe. Viwanda vya China viliupenda mchoro huo, vikaunakili mpaka leo.

Boxer na TVS HLX zina kamshafti juu. Ni laini zaidi, zinakula mafuta kidogo, na zikitunzwa zinakwenda mbali. Zikikosa vidanji, yaani kubadilishiwa oili kwa wakati, zinaanza kulalamika: mlio wa kukwaruza upande wa mnyororo wa ndani, hasa asubuhi injini ikiwa baridi. Mwenye CG ya Kichina anaweza kuchelewesha vidanji na asisikie kitu kwa muda. Ndiyo maana kila mmoja ana ushahidi wa kweli mkononi. Anayesema ya Kihindi ni imara zaidi amemwona mtu anayeitunza. Anayesema ya Kichina haifi ameona injini. Injini ya Kichina kweli haifi upesi. Kinachokufa ni kila kilichoizunguka: bereingi za magurudumu, nyaya za umeme, swichi, springi za nyuma, kulehemu kwa fremu. Mchoro unanakiliwa bure, chuma kizuri hakinakiliwi. Injini mbili zenye 156FMI zinaweza kutoka viwanda viwili ambavyo havifanani kwa lolote.

Sasa tuangalie Kipushi yenyewe. Mji huu uko kilomita 30 hivi kusini-magharibi mwa Lubumbashi, mpakani kabisa na Zambia, juu ya mgodi ulioanza kuchimbwa mwaka 1924 enzi za kampuni ya Union Minière, ukasimama mwaka 1993 mikononi mwa kampuni ya Gécamines, na kurudi kutoa zinki mwaka 2024. Wafanyakazi, wachuuzi wa mpakani, magunia ya unga wa mahindi kutoka upande wa pili, vyote vinapanda pikipiki. Kiangazi hapa ni kirefu, kuanzia Mei mpaka Septemba karibu hakuna tone la mvua, na vumbi la udongo mwekundu ni laini kama poda.

Jambo ambalo halitajwi sana kituoni ni mwinuko. Kipushi iko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia kumi na ushei. Kabureta haina akili. Tundu lake la kupimia mafuta, lililochaguliwa kiwandani, linamwaga kiasi kilekile cha esansi, kama tunavyoita petroli huku, ingawa hewa imepungua. Matokeo yake mchanganyiko unazidi mafuta, nguvu zinapungua, na moshi mweusi unaanza. Mtu anapanda kilima na abiria wawili na gunia, pikipiki inachoka, naye anatangaza kwamba chapa ile haina nguvu. Fungua buji, ile plagi ya kuwashia. Ncha yake ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, injini inakula vizuri. Ikiwa nyeusi na ya masizi makavu, ama tundu la kabureta ni kubwa mno kwa mwinuko huu, ama chujio la hewa limeziba. Ikiwa nyeupe, injini inakosa mafuta na inaunguza pistoni taratibu. Fundi mzuri husoma hivyo kabla hajagusa spana nyingine, na tundu dogo zaidi la kabureta ni kitu cha bei ndogo.

Chujio la hewa ndilo linaloua pikipiki nyingi zaidi za kiangazi. Liking'olewa kwa sababu "linabana injini", na vijana wengi hulitoa ili mlio uwe mkali, vumbi lile jekundu linaingia moja kwa moja kwenye silinda na kusaga ringi za pistoni. Miezi michache baadaye moshi wa bluu unatoka nyuma, oili inapungua bila kuvuja, na lawama zinakwenda India au China. Sponji ya chujio hufuliwa kwa sabuni, ikakaushwa, ikapakwa oili kidogo na kukamuliwa. Kazi ya dakika chache. Kiangazi ningeifanya kila wiki.

Na oili yenyewe. Katika gari, oili ya injini ni ya injini peke yake. Katika pikipiki hizi, lita moja hivi ya oili inalainisha pistoni, gia, na klachi iliyozama ndani yake, zote pamoja. Oili nyingi za kisasa za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Ukiitia, klachi inaanza kuteleza: injini inanguruma, mwendo hauongezeki. Wajapani waliweka kipimo chao kinachoitwa JASO mwaka 1998. Tafuta herufi MA nyuma ya chupa. Chupa isiyo na herufi hizo, au iliyofunguliwa na kujazwa upya dukani, iache hata kama muuzaji ni jirani yako.

Lakini kama ningelazimika kutaja kitu kimoja kinachoamua ni pikipiki ipi "haisumbui" Kipushi, singetaja injini wala oili. Ningetaja umbali wa kipuri. Makontena mengi ya pikipiki na vipuri yanashuka bandari ya Dar es Salaam, yanapita Tunduma, yanakatiza Zambia, yanaingia Kasumbalesa: karibu kilomita 2,000 za lori na foleni za mpakani. Kipuri kilicho kwenye rafu ya Kipushi ni cha leo. Kilicho Lubumbashi ni cha kesho, ukitoa na nauli. Kisicho Lubumbashi ni cha mwezi ujao. Kwa mtu anayempelekea mwenye pikipiki hesabu kila jioni, siku tatu bila kufanya kazi zina gharama kubwa kuliko kipuri chenyewe. Ndiyo maana manseba hununua kile wanachopanda wenzao. Wageni huona ni kufuata mkumbo. Mimi naona ni hesabu nzuri. Pikipiki 200 za aina moja mjini zinamlazimisha mwenye duka kuweka waya za klachi, viatu vya breki na CDI, vile visanduku vya umeme wa cheche, za aina hiyo, na zinamfundisha fundi wa chini ya mti kuweka nafasi ya vali bila kufungua kitabu. Pikipiki bora ambayo uko nayo peke yako ni mzigo.

Wingi huohuo huleta vipuri bandia, kwa sababu anayeghushi naye hufuata soko. Mnyororo ndio rahisi kuupima. Boxer na HLX hutumia mnyororo wa saizi 428, ambao pingili moja ni milimita 12.7. Uvute ukaze, pima pingili 20: mpya lazima usome milimita 254. Ukifika 259 umekwisha, na ukiuacha utakula meno ya gia zote mbili. Wa bandia unaweza kufika hapo katika muda ambao wa kweli ungekuwa bado hata haujalegea. Nenda dukani na rula. Mwenye bidhaa nzuri hatakasirika.

Tunafika kwa muuzaji, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Pikipiki hizi hazifiki zikiwa zimesimama. Zinafika ndani ya fremu za chuma na maboksi, gurudumu la mbele mbali, usukani mbali, betri kavu. Anayeziunganisha ni kijana wa dukani, mara nyingi analipwa kwa idadi. Betri inatiwa maji yake na kupachikwa bila kuchajiwa kwanza ipasavyo, na betri iliyoanza maisha hivyo hufa mapema. Nati ya ekseli inakazwa kwa nguvu za mkono, spoki hazikaguliwi, mnyororo unaachwa umekaza kama kamba ya gitaa. Nusu ya magonjwa ya mwezi wa kwanza ambayo watu huyaita ya kiwanda yalizaliwa uani kwa muuzaji.

Kisha kuna garanti. "Iko na garanti, papa," muuzaji atakwambia, na si uongo. Soma kijitabu. Garanti hufunika kasoro za kiwanda. Breki, klachi, waya na balbu kwa kawaida hazimo. Nayo hudai huduma za mwanzo, ikianza ile ya kilomita 500, zifanywe kwa muuzaji na kupigwa muhuri. Fanya hesabu ya manseba: tuseme kilomita 120 kwa siku, siku sita kwa wiki. Hizo ni kilomita 720. Huduma ya 500 inafika kabla wiki ya kwanza haijaisha. Garanti ya mwaka mmoja au kilomita 12,000, lipi litangulie, inakwisha katika wiki 17. Na kila muhuri ni safari ya Lubumbashi kwenda na kurudi, kilomita 60, foleni, na siku ya kazi iliyopotea. Basi dereva anaruka muhuri wa kwanza, na kuanzia hapo garanti ni karatasi. Kijitabu kiliandikwa kwa mtu anayepanda pikipiki kwenda ofisini, kikauzwa kwa mtu ambaye ofisi yake ni pikipiki.

Dawa yake haihitaji jengo la vioo. Fundi mmoja wa kampuni, sanduku la vipuri na muhuri, siku moja kila wiki Kipushi, vingetosha. Huduma za namna hii za kuwafuata waendeshaji vijiweni zimekwisha kuonekana Afrika Mashariki. Sasa mgodi unafanya kazi tena na abiria wapo, na chapa itakayotangulia kufanya hivyo hapa itauza bila kuning'iniza bango.

Mpaka hapo, anayekwenda kununua aanzie kwenye kaunta ya vipuri, pikipiki aziache kwanza. Aombe aoneshwe vitu vinne, kwa macho: sahani za klachi, CDI, kabureta, na mnyororo wa ndani wa kamshafti kama injini inao. Aulize bei ya kila kimoja na aiandike. Akijibiwa, "Piesi iko, papa, lakini iko ku depo," aombe muuzaji apige simu depo palepale, huku anasikiliza. Jibu la simu hiyo ndilo la kulinganisha kati ya duka na duka. Bei ya pikipiki yenyewe aiulize mwisho, na kabla hajalipa aombe fremu ifunguliwe mbele yake na betri ichajiwe usiku kucha, hata kama ni lazima arudi kesho yake kuichukua.