Timu yake inapofungwa kila wiki: namna ya kumsaidia mtoto shabiki

Mama au mlezi, huenda una mtoto wa namna hii nyumbani. Jumamosi asubuhi anaamka mchangamfu, anatafuta jezi yake hata kama bado haijakauka. Jioni anarudi kimya. Anasukuma sahani pembeni, anamjibu mdogo wake kwa ukali, kisha anajifunika shuka mapema. Timu yake imefungwa tena.

Wengi wetu tumezoea kumwambia, "Achana nao, huo ni mpira tu." Tunasema hivyo kwa nia njema, lakini mara nyingi mtoto huondoka akiwa na huzuni ileile, na sasa anajua kwamba hapa nyumbani hakuna wa kumwambia. Makala haya yanaeleza kwa nini kufungwa kunamuuma, mwili wake unapitia nini, unachoweza kufanya, na wakati gani jambo limevuka mpira na linahitaji msaada.

Si mechi moja, ni miaka

Chukua mfano wa Manchester United, timu yenye mashabiki wengi sana huku kwetu. Mwaka 2013 ilitwaa ubingwa wa ligi ya Uingereza kwa mara ya 20, na kocha wake Alex Ferguson akastaafu. Mtoto aliyezaliwa katikati ya mwaka huo alifikisha miaka 12 mwaka 2025 bila kuiona timu hiyo ikiwa bingwa wa ligi. Katika msimu wa 2024/25 ilicheza mechi 38 za ligi, ikashinda 11 na kufungwa 18, na ikamaliza nafasi ya 15 kati ya timu 20. Msimu huohuo ilifika fainali ya Europa League mjini Bilbao, Hispania, na huko nako ikafungwa 1-0 na Tottenham.

Au chukua AFC Leopards ya Kenya, Ingwe kama mashabiki wanavyoiita. Ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1998, kisha zikapita zaidi ya miaka 20 bila kuurudisha. Watoto wengi wameirithi kutoka kwa baba, babu au mjomba. Wamerithi hadithi za ushindi ambao wao wenyewe hawakuuona.

Ndiyo maana mtoto wako halii kwa sababu ya mabao mawili ya leo peke yake. Anabeba pia yale ya wiki iliyopita, na ahadi ya "msimu ujao" ambayo ameisikia kila mwaka.

Kwa nini asihame tu timu?

Kwa shabiki, timu ni sehemu ya jibu la swali "mimi ni nani?" Mwaka 1976 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Timu ya chuo iliposhinda, wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye jina la chuo, na walipenda kusema "tumeshinda". Ilipopoteza, walielekea zaidi kusema "wamefungwa", kama kwamba wao hawamo. Watu hujisogeza karibu na ushindi na kujitenga na aibu.

Sasa msikilize mwanao. Akisema "tumefungwa" badala ya "wamefungwa", ujue hajajitenga. Amebaki na timu yake hata siku ya aibu. Ukimwambia ahame timu, yeye husikia kwamba uaminifu wake ni upumbavu.

Kuna mambo mengine mawili yanayoongeza maumivu. La kwanza ni tumaini. Kufungwa mechi uliyotarajia kushinda, au kwa bao la dakika za mwisho, huuma kuliko kufungwa na timu ambayo kila mtu alijua ingekushinda. La pili ni Jumatatu shuleni. Mtoto anajua nani watamsubiri getini na watasema nini. Wakati mwingine kinachomnyima usingizi si matokeo yenyewe, ni utani unaomngoja kesho.

Mwili wake unapitia nini?

Mwili hautofautishi sana hatari ya kweli na wasiwasi wa mechi. Moyo hupiga haraka, misuli hukaza, na mwili hutoa homoni ya msongo iitwayo kotisoli. Wakati wa Kombe la Dunia la 2014, watafiti walipima mate ya mashabiki wa Brazil walipokuwa wakitazama timu yao. Kotisoli ilikuwa juu zaidi kwa wale waliojiona wameshikamana sana na timu, na ilipanda hasa katika nusu fainali ambayo Brazil ilifungwa 7-1 na Ujerumani.

Kwa watu wazima wenye ugonjwa wa moyo, msisimko huu unaweza kuwa hatari. Katika Kombe la Dunia la 2006, eneo la Munich nchini Ujerumani, dharura za moyo ziliongezeka zaidi ya mara mbili katika siku ambazo Ujerumani ilicheza. Ikiwa babu anayeishi nanyi ana shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, hakikisha amekunywa dawa zake kabla ya mechi. Akipata maumivu ya kifua au akishindwa kupumua vizuri, msisubiri filimbi ya mwisho. Mpelekeni hospitali.

Kwa mtoto mwenye afya njema, kotisoli hushuka yenyewe. Shida kubwa kwake huwa ni usingizi. Mechi za usiku za Ulaya huanza saa 4 au saa 5 usiku kwa saa zetu na huisha karibu saa 6 au saa 7. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Mtoto aliyelala saa 7 usiku na kuamshwa saa 12 asubuhi atakuwa na hasira hata kama timu yake ilishinda.

Ufanye nini siku ya kufungwa?

*Mpe muda kwanza.* Dakika 20 au 30 za kunyamaza si utovu wa adabu. Usimlazimishe kucheka wala kuzungumza. Mwekee chakula chake.

*Taja unachokiona.* Unaweza kusema, "Naona imekuuma. Ulikuwa umeisubiri mechi hii wiki nzima." Huhitaji kujua kanuni za mpira. Ukitaka, muulize, "Hebu nielezee, walikosea wapi?" Mtoto akianza kueleza habari za kipa na refa, ujue huzuni imeanza kupata njia ya kutoka.

*Usimdhihaki na usimlinganishe.* Maneno kama "mwanamume halii" humfundisha kuficha machozi, na machozi yaliyofichwa mara nyingi hutoka baadaye kama hasira. Binti naye asiambiwe kwamba mpira si wa wasichana.

*Weka mpaka ulio wazi.* Hisia zote zinaruhusiwa, lakini si matendo yote. Mwambie, "Kukasirika ni sawa. Kumpiga mdogo wako au kuvunja vitu si sawa." Sema kwa sauti ya chini na urudie bila kubishana.

*Mpe mwili kazi.* Kuchota maji, kutembea hadi dukani, kucheza mpira nje na wenzake. Mwili uliokaza kwa dakika 90 hulegea ukitumika.

*Panga mechi za usiku mapema.* Mkubaliane kabla ya wiki kuanza ni mechi ipi ataitazama na ipi atasoma matokeo asubuhi. Kumkatalia wakati timu zinaingia uwanjani ni kutafuta ugomvi.

Utani uishie wapi?

Utani ni sehemu ya mpira. Watu wa Simba na Yanga wameishi nao miaka mingi, tena ndani ya nyumba moja. Utani mzuri huchekesha pande zote mbili na huisha mtu akisema "basi". Ukiendelea baada ya hapo, ukigusa sura, umaskini au kabila la mtoto, au ukifanywa na kundi zima kila siku, huo ni uonevu. Mfundishe mwanao jibu fupi analoweza kulitoa bila ugomvi, kwa mfano, "Sawa, leo yenu, tutaonana mzunguko wa pili." Ikiwa ameanza kukataa kwenda shule, zungumza na mwalimu wa darasa.

Hapa nyumbani pia, muwe na kiasi. Kaka mkubwa anayemwimbia mdogo wake wimbo wa kejeli hadi alie anahitaji kuambiwa aache.

Mtu mzima anapokuwa ndiye shabiki

Mtoto hujifunza namna ya kupoteza kwa kuwatazama wakubwa. Baba akizima televisheni, akashusha pumzi na kusema, "Leo tumecheza vibaya, twendeni tukale," amemfundisha zaidi ya mahubiri kumi.

Lakini kuna nyumba ambazo mama na watoto huombea timu ya baba ishinde ili walale salama. Ikiwa ni nyumba yako, tafadhali soma sehemu hii kwa makini. Uchunguzi uliofanyika Lancashire, Uingereza, katika Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010 ulionyesha kwamba taarifa za ukatili wa nyumbani kwa polisi ziliongezeka kwa asilimia 38 siku ambazo Uingereza ilifungwa. Siku iliposhinda au kutoka sare, ziliongezeka kwa asilimia 26. Yaani hata ushindi haukuleta amani. Pombe na msisimko huchochea, lakini mamilioni ya mashabiki hufungwa kila wiki na hawampigi mtu. Anayepiga anachagua kupiga. Kosa si lako, na si la timu.

Ikiwa siku za mechi hukutia hofu, panga mapema: jirani au ndugu mtakayekwenda kwake, simu yenye chaji, nauli kidogo na nyaraka muhimu mahali unapoweza kuzifikia. Tanzania na Kenya, namba 116 hupokea bure simu kuhusu usalama wa mtoto. Kenya pia kuna namba 1195 kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Kukiwa na hatari ya papo hapo, piga 112 ya polisi.

Kubeti: hasara mbili kwa mpigo mmoja

Baadhi ya vijana huanza kubeti wakidhani watafidia maumivu: "Timu ikifungwa, angalau nipate hela." Mara nyingi hupoteza vyote viwili. Kisha huja hamu ya kurudisha hela iliyoliwa, na mkeka mmoja huzaa mwingine. Tanzania na Kenya, sheria hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kubeti, lakini simu ya mkubwa iliyoachwa wazi hutosha kwa mtoto kuanza.

Weka namba ya siri kwenye simu na kwenye akaunti ya pesa. Fuatilia ada au nauli inayopotea bila maelezo, madeni kwa marafiki, na mtoto anayefuatilia kwa jasho matokeo ya ligi ambazo hajawahi kuzishabikia. Ukigundua, anza kwa kuuliza na si kwa kipigo. Mtoto anayeogopa kipigo ataficha deni hadi litakapokuwa kubwa.

Wakati gani utafute msaada?

Huzuni ya mechi kwa kawaida hupungua ndani ya siku moja au mbili. Mpeleke mwanao kituo cha afya, au zungumza na mshauri nasaha, ukiona mambo haya yakiendelea kwa wiki mbili au zaidi:

- halali vizuri au analala kupita kiasi
- hali chakula kama kawaida yake
- ameacha kucheza na wenzake na hafurahii hata mambo aliyoyapenda
- anapiga wengine au anavunja vitu mara kwa mara
- anajiita hafai kitu

Akisema anataka kufa au kujidhuru, usisubiri wiki mbili na usidhani ni maneno ya mpira. Muulize waziwazi, "Unafikiria kujidhuru?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Humwonyesha kwamba unaweza kulisikia. Usimwache peke yake, ondoa dawa, sumu na vitu vyenye ncha kali karibu naye, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mara nyingi mpira huwa ni mlango tu, na nyuma yake kuna jambo jingine: msiba, uonevu, au ugomvi wa wazazi.

Kuna faida pia

Mtoto anayeishabikia timu dhaifu hufungwa mara nyingi katika jambo ambalo halimnyimi chakula wala makazi. Akiwa na mkubwa wa kukaa naye, hujifunza pale kwamba huzuni hupita, kwamba mtu anaweza kubaki na wenzake siku mbaya, na kwamba aliyeshindwa leo huamka kesho akaenda shule. Atayahitaji hayo siku atakapofeli mtihani, atakapokosa kazi au atakapofiwa.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo, kabla ya mechi, muulize wanacheza na nani. Na ikiwa watafungwa tena, kaa naye kidogo. Huna haja ya kuwa na la kusema.