Msamiati wa Kiswahili cha Biblia na Mjadala wa Imani na Sayansi: Mifano kutoka Kitabu cha Mwanzo

Ikisiri

Mjadala kuhusu uhusiano wa Biblia na sayansi katika nchi zinazotumia Kiswahili huendeshwa kana kwamba wahusika ni wawili tu: Maandiko na maabara. Makala haya yanamwangalia mhusika wa tatu ambaye ni nadra kutajwa, yaani lugha ya tafsiri. Kwa kuchunguza maneno machache ya sura za kwanza za Mwanzo kama yalivyo katika Biblia za Kiswahili, na kuyalinganisha na maneno yanayotumiwa kuelezea nadharia ya mageuko, makala yanabainisha kwamba sehemu kubwa ya mgogoro unaosikika makanisani na madarasani huzaliwa ndani ya Kiswahili chenyewe. Yanabainisha pia mahali ambapo maelezo ya kileksika hufikia ukomo wake.

Utangulizi

Mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya, Uganda au Tanzania hufundishwa baiolojia kwa Kiingereza. Mwenzake wa Burundi au Kongo huipokea kwa Kifaransa. Jumapili, wengi wao huisikia habari ya uumbaji kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Mambo hayo mawili yakigongana kichwani mwake, anayajadili kwa Kiswahili, na mara nyingi anajibiwa kwa Kiswahili: ama achague Biblia aiache sayansi, ama afanye kinyume chake. Kwa kijana mwenye imani na mwenye bidii ya masomo, huo si mchezo wa maneno. Wapo wanaokariri mageuko kwa ajili ya mtihani na kuyakana wakishatoka nje ya chumba cha mtihani, na wapo wanaoacha kusali kwa kuwa waliambiwa kwamba hakuna njia nyingine.

Anayesema kwamba anaisoma Biblia "kama ilivyoandikwa" huwa ana toleo fulani mkononi. Johann Ludwig Krapf alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili mjini Mombasa mwaka 1844, akisaidiwa na mwanazuoni wa Kiislamu wa mji huo. Baadaye zilifuata tafsiri zilizoegemea Kimvita upande mmoja na Kiunguja upande mwingine, hadi Union Version ilipokamilika mwaka 1952 kwa nia ya kuwapatia Waprotestanti wa eneo zima Biblia moja. Biblia Habari Njema ilitoka katika miaka ya 1990 kwa Kiswahili chepesi zaidi. Kila hatua ilikuwa na uamuzi wa maneno, na uamuzi wa neno ni uamuzi wa maana. Kiswahili chenyewe kinalijua hilo, kwani tafsiri na fasiri zimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na Mwislamu anapotaja tafsiri ya Kurani mara nyingi huwa anazungumzia ufafanuzi wake.

Nchi, dunia na anga

Katika aya ya kwanza ya Mwanzo, Union Version hutumia neno nchi palipo na neno la Kiebrania eretz. Biblia Habari Njema hutumia dunia. Kwa msomaji wa haraka tofauti hiyo ni ndogo, lakini ina uzito. Eretz ni ardhi inayokanyagwa, ni eneo la taifa, na ni nchi kavu dhidi ya bahari. Neno nchi lina upana unaokaribiana sana na huo. Msemaji wa Luganda ataelewa upesi, maana ensi iliyomo katika Biblia yake ni ndugu wa nchi, nayo hutaja taifa la Uganda na ulimwengu mzima kwa pamoja. Kinyarwanda kimeweka isi, na kwa taifa kina neno jingine, igihugu.

Neno dunia limepitia njia tofauti. Limetoka Kiarabuni likiwa na maana ya maisha haya ya sasa dhidi ya akhera, na maana hiyo ingali hai katika usemi kwamba mtu "ameiaga dunia". Hata hivyo, masomo ya jiografia yamelipa kazi mpya, na leo dunia ni sayari ya tatu kutoka kwenye jua. Mwanafunzi anayekutana na dunia katika Mwanzo huichora akilini tufe la buluu linaloelea angani, kisha huuliza liliwezaje kuwapo kabla ya jua. Swali hilo ni halali katika elimu ya nyota, lakini limechochewa na neno la Kiswahili ambalo maana yake imehama. Mwandishi wa Kiebrania alikuwa akitaja ardhi na mbingu zilizoonekana kwa macho, wala hakuwa na wazo la sayari.

Neno anga lina hadithi ya kinyume. Katika siku ya pili ya uumbaji hufanywa kitu kiitwacho kwa Kiebrania raqia, kinachotenga maji ya juu na maji ya chini. Mzizi wa neno hilo hutumika kwa kazi ya mhunzi anayefua madini hadi yawe bamba. Wayahudi wa Aleksandria waliotafsiri Torati kwa Kigiriki walichagua stereoma, kitu kigumu, na Kilatini kikafuata kwa firmamentum. Kitabu cha Ayubu, sura ya 37, hulinganisha mbingu na kioo cha madini ya kusubu. Wataalamu wengi wa Agano la Kale wanakubali kwamba picha iliyokuwa akilini mwa watu wa kale wa Mashariki ya Karibu ni ya kuba imara yenye maji juu yake.

Tafsiri za Kiswahili zinasema anga. Anga la Kiswahili ni uwazi. Ndege hupita humo, na wanasayansi wamelitumia kuunda angahewa na wanaanga. Msomaji hakuti kuba wala bamba, bali anakuta jambo linalokubaliana na somo lake la sayansi bila juhudi yoyote. Hapa tafsiri imeuficha ugumu ambao matini ya awali inao. Mhubiri anayedai kwamba Mwanzo ilitabiri angahewa anasifu, bila kujua, uteuzi wa watafsiri. Si lazima kuwalaumu, kwani hapakuwa na neno la Kiswahili la kuba la mbinguni ambalo lingeeleweka bila maelezo marefu. Hata hivyo, ukosefu wa tanbihi umegharimu zaidi kuliko uteuzi wenyewe.

Siku na mianga miwili

Kuhusu siku, Kiswahili kina faida ambayo lugha za Ulaya hazina. Katika hesabu ya jadi ya pwani, siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Msomaji wa Lamu au Unguja haoni ajabu jioni kutajwa kabla ya asubuhi katika Mwanzo. Tena siku ya Kiswahili, kama yom ya Kiebrania, inaweza kuwa ya saa ishirini na nne, mchana peke yake, au kipindi kisichopimwa, kama katika siku hizi. Katika Mwanzo 2:4, Kiebrania hutumia yom hiyohiyo kwa muda wote wa uumbaji.

Upana huo hauthibitishi kwamba siku sita ni vipindi vya mamilioni ya miaka. Wanaoutumia kwa lengo hilo wanalibebesha neno mzigo usio wake, kwa sababu mpangilio wa jioni na asubuhi unaelekea kwenye siku ya kawaida katika wiki ya kawaida ya kazi na sabato. Swali zito zaidi ni kama wiki hiyo iliandikwa ili ihesabiwe kama kalenda.

Swali hilo ni la kale kuliko Charles Darwin, na baadhi ya majibu yake ya kwanza yalitolewa barani Afrika. Origene wa Aleksandria, katika karne ya tatu, aliuliza ni nani mwenye akili atakayedhani kwamba siku tatu za kwanza zilipita bila jua wala mwezi kwa maana ya kawaida. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliandika kitabu kizima kuhusu maana halisi ya Mwanzo mwanzoni mwa karne ya tano. Alielekea kuamini kwamba Mungu aliumba vyote kwa pamoja, na kwamba siku sita ni mpangilio wa ufahamu. Humohumo aliwaonya Wakristo wanaozungumzia nyota, wanyama na mawe kwa ujinga huku wakijidai kuwa na ushahidi wa Maandiko. Hofu yake ilikuwa kwamba asiyeamini, akiona Mkristo amekosea katika jambo analolijua vizuri, hatamwamini katika habari ya ufufuo. Wanaodhani kwamba kusoma Mwanzo kwa namna isiyo ya kalenda ni kusalimu amri mbele ya sayansi ya kisasa wana deni la kueleza kwa nini Augustino alifanya hivyo bila ya kuwa na sayansi hiyo.

Mfano wa John Calvin unalihusu neno mianga, ambalo Union Version hulitumia kwa jua na mwezi. Katika ufafanuzi wake wa Mwanzo uliotoka mwaka 1554, Calvin alikabili pingamizi la wanajimu wa wakati wake: sayari ya Zohali ni kubwa kuliko mwezi, basi imekuwaje mwezi uitwe mmoja wa mianga miwili mikubwa? Hakuwakana wanajimu, bali alikiri kwamba wako sahihi na kuisifu elimu yao. Jibu lake lilikuwa kwamba Musa aliandika kwa lugha ya watu wote, akitaja vitu kama vinavyoonekana kwa jicho la mkulima. Kanuni hiyo, kwamba Mungu husema kwa kiwango cha msikilizaji, haikubuniwa kwa ajili ya Darwin.

Jinsi, ndege na duara

Baadhi ya matatizo yametokana na kuzeeka kwa Kiswahili cha Union Version. Mimea na wanyama humo huumbwa "kwa jinsi" zao. Wakati wa kutafsiri, jinsi ilieleweka kuwa aina, kama ilivyo asili yake ya Kiarabu. Kijana wa leo huisoma jinsi kama namna ya kutenda jambo, au huichanganya na jinsia. Hata Biblia Habari Njema inaposema aina, msomaji hudhani ametajiwa spishi ya kibaiolojia, ilhali min ya Kiebrania ni mgawanyo wa mtazamaji wa kawaida na haikukusudiwa kuweka mipaka ya urithi wa jeni.

Pingamizi maarufu la wakosoaji, kwamba Mambo ya Walawi 11 hukosea kumweka popo katika orodha ya ndege, hujibiwa vizuri na Kiswahili chenyewe. Neno la Kiebrania katika orodha hiyo, of, hutaja kirukacho, na aya ya 20 hulitumia hata kwa wadudu. Waswahili waliipa eropleni jina la ndege, na hakuna mwanazuoni aliyewashtaki kwa kutojua kwamba mashine hiyo haitagi mayai.

Kwa upande mwingine, wahubiri hupenda kuonyesha kwamba Isaya 40:22, palipo na duara ya dunia katika Union Version, ilifundisha umbo la tufe kabla ya wanasayansi. Vitabu vya hisabati vinatofautisha mambo haya kwa uwazi: duara ni umbo bapa, tufe ni umbo la mpira. Kiebrania chug nacho ni duara, na huelekea kutaja mzingo wa upeo wa macho. Utetezi wa Biblia unaojengwa juu ya duara unaweza kubomolewa na mwanafunzi wa darasa la sita mwenye bikari.

Maneno ya upande wa sayansi

Haki inadai kwamba Kiswahili cha sayansi nacho kichunguzwe. Sentensi inayosikika mara nyingi ni kwamba, kwa mujibu wa wanasayansi, mtu alitokana na nyani. Baiolojia haisemi hivyo. Inasema kwamba binadamu na sokwe wana mhenga mmoja wa kale, ambaye hakuwa sokwe wa leo wala binadamu wa leo. Nyani ni jamaa wa mbali zaidi. Waumini wengi wamekataa kwa nguvu fundisho ambalo hakuna mwanabaiolojia anayelifundisha.

Neno nadharia nalo limeleta madhara. Katika matumizi ya kila siku nadharia hupingana na vitendo, na "ni nadharia tu" humaanisha jambo lisilopimwa. Katika sayansi, nadharia ni maelezo yaliyojaribiwa na kukusanyiwa ushahidi kutoka nyanja nyingi. Fuvu alilolipata Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa takribani miaka milioni 1.75, ni sehemu ya ushahidi huo, nalo limo ndani ya ardhi ya Tanzania. Inafaa kukumbuka kwamba baba mkwe wake, Harry Leakey, alikuwa mmisionari wa Kabete aliyeshiriki kuitafsiri Biblia kwa Kigikuyu.

Pasipoweza kutatuliwa na kamusi

Tanbihi chache katika matoleo yajayo ya Biblia, kwa raqia, yom na min, zingepunguza mabishano mengi, na waandishi wa vitabu vya kiada wangeweza kuacha kutumia nyani mahali pa mhenga. Lakini ingekuwa udanganyifu kudai kwamba kila mgogoro ni wa kileksika. Katika Warumi 5, Paulo anajenga hoja yake kuhusu dhambi na mauti juu ya mtu mmoja, Adamu, na hakuna uteuzi wa neno utakaoiondoa hoja hiyo. Watheolojia wanaoikubali sayansi ya mageuko hawakubaliani: wapo wanaomwona Adamu kuwa mtu halisi katika jamii ya watu wa kale, na wapo wanaomwona kuwa kiwakilishi cha wote.

Hata hapo Kiswahili hakikai kando. Kiebrania adam ni mtu kwa jumla na pia ni jina, na watafsiri hawakubaliani ni katika aya ipi neno la kwanza linageuka kuwa la pili. Kiswahili kimeyaunganisha yote mawili katika binadamu na mwanadamu, yaani mwana wa Adamu, na ndivyo vitabu vya historia vinavyomtaja, bila kusita, hata kiumbe wa Olduvai: binadamu wa kale.