Wageni wa Majaruba ya Mabogini

Aya ya 19 ya Suratul Mulk hutuelekeza tuinue macho tuwatazame ndege. Wengi wetu tumeihifadhi aya hiyo tangu madrasa, lakini ni wachache tuliowahi kutoka nyumbani kwa ajili hiyo tu. Jumamosi moja mwanzoni mwa Oktoba, baada ya sala ya Alfajiri, tulitoka. Tulikuwa watatu na darubini moja ya kuazima, tukashuka kutoka Moshi mjini hadi Mabogini, kwenye majaruba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani.

Kibo ilikuwa wazi, bado haijajifunika mawingu. Mbayuwayu walikuwa wakipita chini chini juu ya maji, na kwenye tope la jaruba lililovunwa walisimama vitwitwi kumi na wawili, wenye miguu mirefu na madoa meupe mgongoni, wakitikisa mikia kana kwamba ardhi inawachoma. Ndege hawa huzaliwa katika misitu yenye kinamasi ya Finland na Urusi. Kiangazi cha huko kinapokwisha na wadudu kupungua, huja kwetu, na mmoja wao hana uzito wa hata gramu mia.

Watu wa Ulaya hawakulijua jambo hili kwa muda mrefu. Walikuwapo wasomi walioamini kuwa mbayuwayu hulala chini ya matope ya maziwa wakati wa baridi. Mwaka 1822, karibu na Klütz nchini Ujerumani, alipatikana korongo mwenye mshale wa Afrika ya Kati uliopenya shingoni mwake. Alikuwa amerudi nao mpaka kwao. Korongo huyo amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Huenda aliyeufuma mshale ule hakujua kamwe kuwa alikuwa ametuma barua.

Tulipokuwa tukiwahesabu vitwitwi, mama mmoja alitutazama kutoka kwenye dungu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, wanangu. Mmekuja kuwatazama ndege? Sisi twawaamia tangu kuche.”

Hatukuwa na jibu. Kwelea kwelea mmoja hula takriban gramu kumi za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja humaliza tani kumi kabla ya jua kuzama. Mjukuu wake, mwenye umri upatao miaka kumi, alikuwa na debe bovu na manati shingoni. Mama alitueleza kuwa mwaka ambao ndege hunyunyiziwa dawa kutoka kwenye ndege ya serikali, wao hulala usingizi.

Hapa ndipo penye uzito, na hatutaki kulipitia suala hili juu juu. Dawa itumikayo ni fenthioni. Hunyunyizwa jioni juu ya viota na malalo ya kwelea kwelea, lakini haichagui. Tai, mwewe na korongo wanaookota wale wanaotapatapa hufa nao, na wako watoto wanaookota kitoweo hicho. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam zilikubaliana kuiingiza dawa hiyo, katika aina zake kali, kwenye orodha ya zile ambazo nchi haiuziwi mpaka iarifiwe na iridhie. Hiyo si marufuku. Ni ukumbusho tu kwamba anayeridhia ataulizwa.

Mkulima ana haki ya kulinda jasho lake, na hatujui mwanachuoni anayelipinga hilo. Hata hivyo, ipo Hadithi katika Sunan ya Nasai kuhusu ndege mdogo atakayemshitaki siku ya Kiyama yule aliyemuua bure. Kule Kondoa watu huwatega kwelea kwelea kwa nyavu na matenga, wakawachinja na kuwala; mpunga husalimika na chungu hupata kitu. Aliyekufa kwa sumu ni mzoga, hafai hata kwa paka. Kwa nini ujuzi wa Kondoa haujafundishwa Mabogini, hilo ni swali la maofisa ugani, nasi tunaliuliza.

Tulimpa kijana darubini. Aliishika kinyume, tukamgeuzia. Alikaa kimya muda mrefu akiwaelekea vitwitwi.

“Hawa hawali mpunga,” alisema hatimaye. “Wanakula vidudu.”

“Umejuaje?”

“Nimemwona mmoja akivuta mnyoo.”

Bibi yake alipiga ukelele: wingu la kwelea kwelea lilikuwa limetua jaruba la mbali. Kijana alituachia darubini akakimbia akigonga debe. Wingu likanyanyuka, na vitwitwi nao wakaruka kwa mshituko, wakazunguka mara mbili juu ya vichwa vyetu, kisha wakatua palepale walipokuwa.