Urithi wa Makundi ya Kufoka katika Kiswahili: Kutoka Kwanza Unit hadi Weusi

Miongoni mwa mijadala isiyokwisha ya wapenzi wa muziki wa kufoka, yaani hip hop, ni ule wa kulinganisha makundi ya vipindi mbalimbali: lipi lilikuwa kubwa, lipi liliacha alama, lipi lilivuma tu likapita. Kwa mashabiki mjadala huo ni burudani. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili una uzito mwingine, kwani makundi hayo yamekuwa, kwa zaidi ya miaka thelathini, warsha kubwa ya ushairi wa Kiswahili nje ya kuta za madarasa. Makala haya yanachunguza urithi wa baadhi yake katika Tanzania na Kenya, na kuutazama pia kutoka Bunia, ambako kijana wa mtaa wa Saio anayetaka kufoka hana budi kwanza kuamua atafoka kwa lugha gani.

Yafaa kuondoa kwanza kipimo kisichofaa, nacho ni mauzo. Katika miaka ya 1990 kazi za wafokaji zilisambazwa kwa kaseti, na kaseti moja iliyonunuliwa iliweza kunakiliwa mara nyingi bila mtunzi kupata senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, iliyozaa chama cha COSOTA, ilipitishwa mwaka 1999, wakati kizazi cha kwanza cha makundi kilikuwa kimekwisha kutoa sehemu kubwa ya kazi zake. Makundi ya leo huhesabiwa wasikilizaji na mitambo ya intaneti. Kuweka hesabu hizo mbili kwenye mizani moja ni sawa na kulinganisha pishi na kilo.

Wakongomani wana kipimo kingine ambacho wamekitumia kwa muda mrefu katika muziki wa dansi. Ukubwa wa Zaïko Langa Langa, iliyoundwa Kinshasa mwaka 1969, hautajwi kwa nyimbo zake peke yake, bali pia kwa ukoo uliochipuka humo: Papa Wemba alitoka mwaka 1974, na mwaka 1977 akaanzisha Viva la Musica, iliyokuja kuzaa wanamuziki wengine. Wenge Musica nayo iligawanyika mwaka 1997, na kila tawi likadai kuwa ndilo shina. Bendi hupimwa kwa watoto wake. Kipimo hicho kinafaa kwa hip hop pia, ila kwa tofauti moja: bendi ya dansi ikivunjika huzaa bendi, ilhali kundi la kufoka likivunjika, mara nyingi huzaa msanii mmoja mmoja.

Kwanza Unit ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1993 kwa kuunganisha vijana waliotoka katika makundi madogo madogo, akiwamo Rhymson na KBC. Kabla yao, mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990, Saleh Jabir alikwisha kuonyesha kwamba maneno ya Kiswahili yanaweza kukaa juu ya mapigo ya Kimarekani, hata yale ya Vanilla Ice. Jambo la kushangaza ni kwamba Kwanza Unit haikuifuata njia hiyo mara moja. Ilianza kwa kufoka zaidi kwa Kiingereza, ikiamini kwamba hip hop ni taifa moja la watu weusi lisilo na mipaka, wazo linalokaribiana na lile la Zulu Nation ya Afrika Bambaataa kule New York. Kutokana na imani hiyo wakabuni nchi ya kufikirika, Kwanzania, na albamu yao ya mwaka 1999 ikaitwa Kwanzanians.

Hapa ndipo urithi wao unapokuwa mgumu kupima. Kifikra, walitangulia karibu kila mtu: waliuona ufokaji kuwa utamaduni wenye maadili na historia. Kilugha, walichelewa. Kiingereza kiliwapa heshima mbele ya vijana wa shule na madisko, lakini kiliwanyima sikio la mama muuza maandazi na la kondakta wa daladala. Walipohamia Kiswahili, mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa na wengine, na Radio One, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1994, ilikuwa imekwisha kuwazoesha wasikilizaji ladha mpya. Kwa hiyo wafokaji wengi wa baadaye wanawaheshimu Kwanza Unit kama waasisi, ingawa ni wachache wanaotunga kama wao. Huo ni urithi wa babu, unaotajwa kwenye tambiko kuliko unavyoonekana shambani.

Hard Blasters ni kinyume chake. Kundi hili la Dar es Salaam lilikuwa na wafokaji watatu, Fanani, Big Willie na Joseph Haule, ambaye baadaye alijulikana kama Professor Jay. Albamu yao Funga Kazi ilitoka mwaka 2000, ikiwa na wimbo Chemsha Bongo. Walichokifanya ni rahisi kukieleza, na kilikuwa kigumu kukitenda: waliuchukua ufokaji wakaurudisha kwenye hadithi. Msikilizaji alipewa mhusika, kisa, na matokeo ya kisa, kwa Kiswahili ambacho mzazi angeweza kukifuata bila mkalimani. Kabla ya hapo muziki huu uliitwa uhuni na wazee wengi. Baada ya hapo mzazi aliweza kukaa sebuleni na mwanawe wakasikiliza pamoja, na hilo si jambo dogo katika jamii ambayo ushairi wake wa jadi, tangu tenzi hadi ngonjera, ulitarajiwa kufunza.

Hata hivyo, kundi lenyewe halikudumu. Professor Jay alitoka na albamu yake mwaka 2001, na wimbo wake Ndio Mzee ukamkejeli mwanasiasa anayeahidi yasiyowezekana huku umati ukiitikia kwa utii. Umbo la wimbo huo ni la kiongozi na waitikiaji, yaani umbo la ngoma zetu, na kejeli yake imelala katika kiitikio chenyewe. Mwaka 2015 mtunzi huyo aliomba kura naye, akachaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, kiti alichokishikilia hadi 2020. Mwenzake, Joseph Mbilinyi, ambaye hakulelewa na kundi hilo, alikuwa amemtangulia bungeni mwaka 2010 kupitia Mbeya Mjini. Ni wachache kati ya wanaojadili ukubwa wa makundi wanaokumbuka kuuliza kama nyimbo ziliwafikisha watunzi mahali ambapo vitabu vya fasihi havijawafikisha watunzi wake.

Baada ya Hard Blasters, makundi yaligawana ramani. Gangwe Mobb, yaani Inspekta Haroun na Luteni Kalama, waliileta Temeke na misimu yake. Wagosi wa Kaya waliileta Tanga kwa lafudhi ya makusudi, wakawasema wauguzi wa hospitali na askari wa barabarani bila kuficha. Jina lao lenyewe linatoka katika lugha za mkoa huo, ambamo mgosi ni mwanamume. X Plastaz wa Arusha, walioanza mwaka 1996, walikwenda mbali zaidi: walimweka mwimbaji wa Kimaasai, Merege, kando ya wafokaji wa Kiswahili, na albamu yao Maasai Hip Hop ya mwaka 2004 ikasikika Ulaya. Nyumbani, sifa yao haikulingana na ile ya ughaibuni. Msomaji anaweza kuona dhuluma hapo, ingawa huenda jibu ni kwamba Ulaya ilivutiwa na shuka la Kimaasai kuliko maneno.

Arusha hiyo hiyo ilizaa Nako 2 Nako na River Camp, na kutoka makundi hayo mawili likaundwa Weusi, likiwa na Joh Makini, Nikki wa Pili, G-Nako na Lord Eyez. Weusi walijifunza kutokana na kuvunjika kwa wenzao. Walijiita kampuni, na kila mmoja akaruhusiwa kutoa nyimbo zake bila kulikana jina la pamoja. Kwa upande wa utunzi, vina vyao ni vya ndani zaidi na visa vyao ni vichache, hivyo mzazi wa mwaka 2000 asingewafuata kwa wepesi. Nikki wa Pili aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe mwaka 2021. Wabunge wale wawili waliingia kwa kura kupitia upinzani, ilhali yeye aliingia kwa uteuzi wa Rais, na tofauti hiyo inasema mengi juu ya safari ya hip hop kutoka pembeni hadi ofisini.

Kenya ina mkondo wake. Kalamashaka, vijana watatu wa Dandora jijini Nairobi, walivuma katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 kwa wimbo Tafsiri Hii, na wakazaa kwa mtindo wa Zaïko kuliko wa Hard Blasters: walikusanya wafokaji wengi katika Ukoo Flani Mau Mau, ulioziunganisha Dandora na Mombasa. Kwa hiyo Sheng ikapata heshima ya kubeba hasira ya kisiasa. Baadaye Ethic, kwa Lamba Lolo ya mwaka 2018, walitumia Sheng hiyo hiyo kwa mzaha na anasa, na wengi wakalia kwamba urithi umeuzwa. Lawama hiyo ina haraka. Wakadinali, waliotoa Victims of Madness mwaka 2020, wametumia msamiati wa mitaa hiyo hiyo kwa ukali ambao Kalamashaka wangeutambua.

Katika mkondo huu wote, kundi lililozaa ni lile lililofoka kwa Kiswahili cha mahali pake. Kijana wa Saio ana Kifaransa cha shule, Kilingala cha jeshi na cha dansi, na Kiswahili cha Ituri, ambacho upatanisho wake wa ngeli ni mwepesi kuliko ule wa sarufi sanifu na ambacho mwalimu humsahihisha kila siku. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003 vilisimuliwa kwa Kiswahili hicho nyumbani na sokoni, na hali ya dharura iliyotangazwa Ituri mwezi Mei 2021 inazungumzwa kwa hicho hicho. Akifoka kwa Kifaransa, atakuwa karibu na Kwanza Unit ya mwanzo. Akifoka kwa Kiswahili sanifu, atasikika Dar es Salaam kama mgeni mwenye adabu. Njia ya Wagosi wa Kaya, ya kuichukua lafudhi inayochekwa na kuifanya silaha, iko wazi mbele yake, na idara za Kiswahili zitakazomsikiliza zitalazimika kwanza kuiweka chini kalamu nyekundu.