Mzigo Aliopakia Mwingine: Dhamana ni ya Nani?

Wahenga walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Methali hiyo yafaa ikumbukwe kila lori linapotoka Mombasa kuja Kampala kwa njia ya Malaba. Mara nyingi aliyepakia shehena hubaki ghalani, naye dereva ndiye anayeteremka nayo mlimani. Je, ikianguka, lawama ni ya nani?

Swali hilo lilijibiwa nchini Marekani mwaka 1953, Mahakama ya Rufani ilipoamua kesi baina ya serikali na kampuni ya malori ya Savage Truck Line. Injini za ndege, zilizopakiwa na watu wa serikali wenyewe, zilianguka barabarani zikamwua dereva wa lori jingine. Majaji walieleza kwamba wajibu wa kwanza wa upakiaji salama ni wa msafirishaji. Mwenye shehena akipakia mwenyewe, hubeba lawama ya kasoro zilizofichika. Lakini kasoro iliyo wazi kwa macho, msafirishaji hawezi kuikana kwa kusema, "Si mimi niliyepakia."

Kwa sheria za nchi hiyo, dereva hukagua mzigo kabla ya kuondoka, na tena kabla ya kupita kilomita 80. Baadaye hukagua kila baada ya saa 3 au kilomita 240, lipi litangulie. Asamehewaye ni yule aliyekabidhiwa gari lenye lakiri na kuamriwa asilifungue.

Sababu yake ni rahisi kuelewa. Lori likifunga breki, shehena hutaka kuendelea mbele. Mzigo wa tani 10 wapaswa kufungwa kwa namna iwezayo kuhimili nguvu ya tani 8 kuelekea mbele, na tani 5 kila upande. Tena mtikisiko wa barabara hulegeza kamba iliyokazwa asubuhi.

Ndugu dereva, uwe raia au mwanajeshi uliyekabidhiwa lori na bohari, usitie sahihi kabla ya kulizunguka. Tazama kama limeinama upande mmoja, kama matairi yamelemewa, kama minyororo imekazwa, na kama kufuli za pembe 4 za kontena zimefungwa. Ukiona kasoro, iandike kwenye hati ya mzigo, na usiondoke mpaka irekebishwe. Hapo hutakuwa umemkaidi mkubwa wako. Utakuwa umeilinda mali yake.

Nawe mwenye shehena, usiseme uwongo juu ya uzito. Tangu Julai 1, 2016, kanuni za bahari za kimataifa zinakulazimu kuthibitisha uzito wa kontena kabla halijapakiwa melini. Barabarani nako kuna roho za watu.

Dakika 10 za kukagua si uchelewevu. Nyumbani wapo watoto wanaosikiliza mlio wa gari la baba yao. Na katika gari linalokuja mbele yake yumo baba wa watoto wengine.